Gari Linakosa Nguvu Mlima Saranda: Je, Ni Chujio la Mafuta?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mbukwenyi, na pole na kazi. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja wilayani Manyoni, nje ya barabara kuu, na familia yangu inaishi Dodoma mjini. Kwa sababu hiyo, kila nipatapo siku za mapumziko huendesha gari langu kwenda Dodoma na kurudi kazini. Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1300, lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, na mita yake sasa imevuka kilomita 170,000.

Kwa miezi kadhaa sasa gari hili limekuwa likinitia hofu. Nikitoka Dodoma na kupita tambarare za Bahi linakwenda vizuri kabisa, wala abiria hawezi kujua kwamba lina ugonjwa. Lakini nikishapita Kintinku na kuanza kupanda Mlima Saranda, nikikanyaga mafuta linachelewa kuitikia, linatetemeka na kupoteza nguvu, hata malori yaliyobeba mzigo yananikaribia kwa nyuma. Nikiachia pedali kidogo linapata nafuu, nikikanyaga tena hali inarudi ileile. Asubuhi nalo haliwaki upesi kama zamani, hadi nizungushe ufunguo kwa muda mrefu. Tena nasikia mlio mwembamba kutoka nyuma, chini ya kiti, hasa mafuta yanapokaribia kuisha. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuwaka.

Nimewaona mafundi wawili. Wa Manyoni amesema chujio la mafuta limeziba, na kwamba atalitoa, alipulize kwa kompresa na kulirudisha. Au, kama sitaki usumbufu wa kufungua tangi mara kwa mara, atakata mpira wa mafuta kwenye injini na kufunga chujio dogo la plastiki linaloonyesha ndani, ili niwe nauona uchafu kwa macho yangu. Wa Dodoma amesema hayo yote ni kupoteza muda, na kwamba dawa ni kununua pampu nzima ya mtumba, ikiwa na chujio lake ndani, na kuifunga. Nilipokwenda kuulizia chujio jipya, muuza spea aliniwekea mezani matatu yanayofanana, la bei ya juu likiwa na bei karibu mara nne ya lile la chini, na akaniapia kwamba yote ni halisi.

Nadhani ni haki nikueleze pia kwamba kijijini kwetu hakuna sheli, hivyo mara nyingi nanunua petroli ya kwenye madumu kwa mfanyabiashara wa hapo, lita chache chache, na tangi langu haliwi limejaa mara kwa mara.

Naomba uniambie nianzie wapi, ninunue chujio lipi, na nitajuaje kama fundi amelifunga ipasavyo. Aidha, kaka yangu ana pikapu ya dizeli anayobebea mpunga kutoka Bahi, na kwenye dashibodi yake kuna taa ya njano yenye alama ya chujio na matone ambayo huwaka na kuzimika. Dereva wake anasema izoeleke tu, kwa kuwa gari halijasimama. Je, ni kweli?

Wako,
Muuguzi, Manyoni

JIBU

Dada Muuguzi,

Umeeleza dalili kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kuandika historia ya mgonjwa, na maelezo yako yamerahisisha sana kazi yangu. Gari linalokwenda vizuri kwenye tambarare na kuishiwa nguvu kwenye mlima mara nyingi ni gari linalonyimwa kitu fulani pale linapokihitaji kwa wingi. Injini ya IST ikitembea kwa mwendo wa kawaida Bahi hadi Kintinku inatumia mafuta kidogo, na hata chujio lililoziba kwa sehemu kubwa linaweza kuyapitisha. Ukianza kupanda Saranda, mahitaji yanaongezeka mara kadhaa kwa ghafla, na njia iliyobaki wazi ndani ya chujio haitoshi tena, hivyo presha inashuka, nozeli zinanyunyizia ndani ya injini mafuta pungufu, na gari linatetemeka. Ukiachia pedali, mahitaji yanashuka na presha inarudi. Kwa hiyo fundi wa Manyoni hakukosea kulishuku chujio. Pale alipokosea ni katika dawa, nami nitafika huko.

Hata hivyo sitaki ununue chochote kabla ya kupima, kwa sababu kuna maradhi mengine yenye dalili zinazokaribiana na hizi. Chujio la hewa lililojaa vumbi, jambo la kawaida mno kwa gari linalopita barabara za vijijini wakati wa kiangazi chetu kirefu, hunyima injini nguvu mlimani vilevile, na kulikagua hakuna gharama: fungua sanduku lake, litoe, litazame kwenye mwanga. Plagi zilizochakaa au koili moja iliyochoka pia hutetemesha gari linapobeba mzigo, ingawa katika hali hiyo taa ya injini huwaka mara nyingi, na yako haijawaka. Eksozi iliyoziba ndani ni mshukiwa mwingine, lakini hiyo haielezi mlio unaousikia chini ya kiti.

Kipimo chenyewe ni geji ya presha ya mafuta, ambayo gereji yoyote inayotengeneza magari ya nozeli inapaswa kuwa nayo. Fundi huiunga kwenye njia ya mafuta karibu na injini, kisha huwasha gari. Katika injini yako presha inatakiwa kuwa kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani zaidi kidogo ya bar 3. Kusoma namba hiyo gari likiwa limesimama hakutoshi, kwa sababu limesimama halina shida. Mwombe fundi aiangalie injini ikiwa inafanya kazi kubwa, ikiwezekana geji ikiwa imefungwa mahali salama huku gari likipanda kilima. Presha ikishuka wakati huo, unajua kwamba mafuta hayafiki. Kisha azime injini na kuacha geji ilipo kwa dakika 5: presha haipaswi kushuka chini ya kilopaskali 147. Ikianguka haraka, kuna valvu isiyoshika au nozeli inayovuja, na hilo ndilo linaloweza kueleza kuchelewa kuwaka asubuhi, jambo ambalo chujio peke yake mara nyingi haliwezi kulisababisha. Nakusihi usikubali kuruka hatua hii ya pili. Watu wengi hubadilisha chujio, wakaona mlima unapandika, halafu wakalalamika kwamba fundi amewaibia kwa sababu asubuhi gari bado linasumbua, kumbe walikuwa na matatizo mawili.

Sasa nizungumzie mapendekezo ya mafundi wako, kwa sababu moja kati yake ni la hatari.

Katika IST chujio halipo kwenye injini wala chini ya gari. Limo ndani ya tangi, likiwa limeungana na pampu, na hufikiwa kwa kunyanyua kiti cha nyuma na kufungua kifuniko cha bati. Kwa kweli machujio ni mawili. Mdomoni mwa pampu kuna wavu laini unaozuia taka kubwa zisiingie kwenye pampu yenyewe, na baada ya pampu kuna chujio la karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa, ambalo huzuia chembe ndogo zisifike kwenye nozeli. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha mikroni 10 au zaidi kidogo, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Ukilipuliza chujio la namna hiyo kwa kompresa, vumbi la juu litatoka na gari huenda likapata nafuu ya siku chache, lakini upepo wenye nguvu huipanua au kuichana ile karatasi, na chembe zilizokuwa zimenaswa ndani husukumwa hadi upande safi, tayari kwa safari ya kwenda kwenye nozeli. Wewe ni muuguzi, na huwezi kuisuuza sindano iliyotumika ukamchoma mgonjwa mwingine; chujio la mafuta lichukulie hivyohivyo. Likishafanya kazi yake, hutupwa.

Kuhusu chujio la plastiki linaloonyesha ndani, nakuomba ukatae, hata kama atakufungia bure. Machujio yale yalitengenezwa kwa ajili ya pikipiki na magari ya zamani yenye kabureta, ambako mafuta hushuka yenyewe au husukumwa kwa presha ndogo isiyofika hata nusu ya bar. Njia ya mafuta ya gari lako ina zaidi ya bar 3 muda wote injini inapofanya kazi. Plastiki ile ikipasuka, au kibano chake kikiteleza, petroli itarushwa kama dawa ya kunyunyizia juu ya injini yenye moto, nawe ukiwa katikati ya mlima na malori nyuma yako. Magari huungua kwa sababu kama hii. Tena, kufunga chujio hilo hakutaliondoa lile lililoziba ndani ya tangi, kwa hiyo mbali na hatari hiyo, tatizo lako litabaki palepale.

Pendekezo la fundi wa Dodoma halina hatari ya moto, lakini silikubali vilevile. Pampu ya mtumba hutoka katika gari ambalo hujui lilitembea kilomita ngapi wala lilikunywa mafuta gani, na chujio lake limetembea nayo. Utakuwa umelipa fedha ili kubadilishana chujio lako chakavu na chakavu la mtu mwingine. Ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba pampu nayo imechoka, na ule mlio unanifanya nihisi kwamba huenda inahangaika, basi nunua mota mpya ya pampu na uifunge pamoja na chujio jipya kwenye kikapu chako cha zamani, yaani fremu inayoshika pampu na chujio ndani ya tangi, kwa kuwa kikapu chenyewe hakina tatizo. Ushauri wangu kwa gari la umri huo ni kwamba, tangi likishafunguliwa, wavu na chujio vibadilishwe vyote viwili, kisha presha ipimwe upya. Pampu iguswe tu kama presha bado haijarudi katika kiwango chake.

Katika kuchagua chujio, usiende dukani na jina la gari peke yake. Fungua boneti, tafuta bamba lenye namba ya fremu, upige picha. Kwa injini ya 1300 namba hiyo inatarajiwa kuanza na NCP60, na ile ya 1500 huanza na NCP61 au NCP65. Mwuzaji anayejua kazi yake ataitumia namba hiyo yote kutafuta namba ya spea kwenye katalogi, kwa sababu hata magari ya jina moja hutofautiana kwa mwaka wa kutengenezwa. Asiyetaka kuiona namba ya fremu, na ambaye hukuchagulia kwa kulinganisha umbo kwa macho, mwache. Kama inawezekana, fundi alitoe kwanza lile la zamani ili ulinganishe urefu, vipenyo vya midomo na mahali pa oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji), lakini hilo lije baada ya namba, lisichukue nafasi yake.

Hayo matatu uliyowekewa mezani hayawezi kuwa halisi yote kwa tofauti ya bei uliyoitaja. Sisemi kwamba la bei ya juu ndilo zuri, kwa kuwa wapo wanaouza bandia kwa bei ya halisi. Litazame kwa makini. Chapa ya boksi iwe safi na isomeke, namba ya spea ya kwenye boksi iwe ileile iliyo kwenye chujio, plastiki isiwe na kingo zenye mabaki ya kuyeyushwa, mahali pa kuunganisha pasiwe na gundi iliyomwagika au nafasi, na oringi ziwe laini, zisizo na nyufa. Pale unapoweza kuiona karatasi ya ndani, mikunjo yake iwe sawasawa na iliyoshikamana na kingo zake zote, maana mikunjo iliyolala upande mmoja ni dalili ya kazi mbaya, na pengo dogo pembeni mwa karatasi hupitisha mafuta bila kuyachuja. Chagua la Toyota lenyewe au la kampuni inayofahamika kama Denso, na udai risiti yenye jina la duka. Ikiwa duka halitaki kuandika kwenye risiti kwamba spea ni halisi, umekwisha kupata jibu. Nunua palepale oringi ndogo na ile sili kubwa ya kifuniko cha tangi. Usirudishe za zamani, kwa kuwa zikikaa ndani ya petroli miaka mingi hubadilika umbo na hazibani tena.

Siku ya kazi, hakikisha tangi lina mafuta kidogo, robo au pungufu, na gari limepoa kabisa. Kazi ifanyike mahali pa wazi penye hewa, mtungi wako wa kuzimia moto ukiwa karibu, na asiwepo mtu anayevuta sigara au kuchomelea vyuma jirani, jambo ambalo katika gereji zetu za pamoja linahitaji kusimamiwa kweli na si kutamkwa tu. Fundi achomoe fyuzi au soketi ya pampu, awashe injini na kuiacha izime yenyewe ili presha itoke kwenye mabomba, kisha afungue waya hasi wa betri. Akiruka hatua hiyo, petroli yenye presha itamrukia usoni.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa maeneo yetu hulisahau, nami nalipa uzito kuliko mengine yote. Chini ya kiti cha nyuma cha gari linaloishi Manyoni kuna vumbi jingi jekundu lililoingia miaka yote, na limekaa hasa kuzunguka kifuniko cha pampu. Kifuniko kikifunguliwa hivyohivyo, vumbi lote hilo litaangukia ndani ya tangi, na chujio jipya litaanza maisha yake kwa kulila. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, eneo hilo linyonywe kwa mashine au lifagiliwe kwa brashi, kisha lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu hadi kitambaa kitoke safi. Simama hapo uone likifanyika.

Pampu hutolewa kwa kuinamishwa polepole, kwa sababu ina mkono mwembamba wenye boya linalopima kiasi cha mafuta, na mkono huo ukipinda, geji yako ya mafuta kwenye dashibodi itakudanganya daima. Baada ya hapo mwombe fundi amulike ndani ya tangi kwa tochi isiyotoa cheche, nawe utazame. Ukiona matope chini, kutu, au matone ya maji yanayotembea chini ya petroli, usikubali chujio jipya lifungwe siku hiyo. Tangi lishushwe, limwagwe, lisafishwe na kukaushwa kwanza. Wakati wa kurudisha, oringi zilowanishwe kwa petroli safi ili zisikatike zinapoingia, na fundi asipake silikoni mahali popote panapogusana na mafuta, kwa kuwa petroli huilainisha na vipande vyake huishia kuziba wavu. Kabla kiti hakijarudishwa, injini iwashwe, iachwe ifanye kazi kwa dakika kadhaa, na maungio yote yakaguliwe kwa macho na kwa pua. Harufu ya petroli ndani ya gari baada ya kazi hii maana yake kazi haijaisha. Mwishowe kile kifuniko cha bati kibandikwe upya vizuri, la sivyo vumbi litaanza tena kujikusanya.

Nimeacha kwa makusudi suala la madumu hadi hapa, kwa sababu ndilo ninaloamini kuwa chanzo. Chujio la ndani ya tangi limekusudiwa kudumu muda mrefu sana, na magari mengi hayalitajii hata muda wa kubadilishwa. Likiziba, kuna kitu kimekuwa kikiingia. Petroli ya kwenye dumu imemiminwa zaidi ya mara moja, kwa mpira na faneli zilizowekwa chini kwenye udongo, katika chombo ambacho pengine juzi kilibeba maji au mafuta ya kula. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya dumu, kisha chini ya tangi lako, pale pale wavu wa pampu ulipo. Na wewe, kwa kutembea na lita chache, unaifanya pampu ivute kutoka tabaka hilohilo la chini, huku ukiinyima ubaridi, maana pampu ya umeme hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Ndiyo sababu mlio unazidi mafuta yanapokaribia kuisha.

Jaza tangi Dodoma unapoondoka au Manyoni mjini unapopita, na usiliache lishuke chini ya robo. Kwa matumizi ya IST, tangi lililojaa litakutosha kwa shughuli za kijijini kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Ukilikuta gari la kushushia mafuta likimimina kwenye sheli, nenda nyingine au subiri, kwa kuwa wakati huo uchafu wa chini ya matangi yao huwa umevurugwa. Ikitokea dharura na ukalazimika kununua dumu, liache litulie, kisha mimina polepole kupitia faneli yenye wavu laini, na mabaki ya chini usiyatie kabisa. Fahamu pia kwamba hakuna chujio linaloweza kutenganisha mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli, kwa sababu huyeyukiana na kupita pamoja. Kinga yake ni kununua kwenye kituo kinachotoa risiti na kuitunza, maana ukishuku mafuta ya kituo fulani, risiti ndiyo itakayokupa pa kuanzia utakapopeleka malalamiko EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambao makao makuu yao yako hapahapa Dodoma.

Ama kuhusu pikapu ya kaka yako, mpigie simu leo. Dereva wake hasemi kweli. Taa hiyo huwaka maji yanapofikia kiwango fulani katika kikombe cha chini cha chujio la dizeli, na huzimika kwa muda kwa sababu maji huyumba gari linapotembea, si kwa sababu yameondoka. Pampu ya presha na nozeli za dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na katika injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa, presha hiyo hufika bar 1,600 na zaidi. Tone la maji likifika huko huondoa ulainishaji huo, huleta kutu na huharibu ncha za nozeli, na bei ya seti ya nozeli hizo inaweza kumfanya mtu auze gari.

Azime injini, aweke chombo chini ya chujio, alegeze kizibo cha kumwagia maji na kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake hadi itoke dizeli safi, kisha akaze kizibo kwa mkono. Taa ikirudi baada ya siku chache, maji yamo kwenye tangi, nalo lisafishwe. Chujio lenyewe libadilishwe kwa namba ya fremu kama nilivyokueleza, na kwa gari la mzigo linalopita vumbi la Bahi asisubiri ukomo wa juu wa kitabu. Magari mengi ya dizeli hutajiwa kati ya kilomita 20,000 na 40,000, nami ningelibadilisha kwenye 15,000 au 20,000. Fundi asilijaze chujio jipya kwa dizeli ya kwenye ndoo kabla ya kulifunga, maana ikiingilia tundu la katikati inakwenda kwenye pampu bila kuchujwa. Alifunge likiwa tupu na kulijaza kwa ile pampu ya mkono hadi iwe ngumu, ndipo awashe.

Ukishapima presha ya IST, niandikie namba tatu: ya gari likiwa limesimama, ya likiwa linapanda, na ya dakika 5 baada ya kuzima. Nikiziona nitakueleza kama mota ya pampu inaweza kuendelea au ni lazima ibadilishwe pamoja na chujio, ili tangi lifunguliwe mara moja tu.